Kwa nini hawakumchukua mjukuu wao wakakimbia?

Swali: Wakili, juzi wanangu waliniwekea filamu ya makala iitwayo Dear Zachary. Nimelia mpaka kichwa kikaniuma. Lakini kuna jambo linanikera. Wale wazee mtoto wao wa pekee ameuawa, aliyemuua wanamjua, halafu wanakaa naye, wanamchekea, wanabembeleza wapewe mjukuu kwa saa chache. Mimi ningemnyakua yule mtoto usiku uleule nikapotea naye. Ule ni woga au ni Uzungu? Na hapa kwetu mahakama ingemwachia yule mwanamke? La mwisho: mdogo wangu kijana wake aliuawa mwaka jana, na wanangu wanataka wamwoneshe filamu hii. Unasemaje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Shikamoo mama. Barua yako imenifurahisha kwa sababu wengi wakishaitazama filamu ile huniuliza habari za yule jaji peke yake. Wewe umeuliza habari za babu na bibi, na nadhani hapo ndipo penye somo kubwa zaidi kwa mtu anayefanya kazi kama yangu. Nitalazimika kutaja kila kitu, mpaka mwisho wa kisa, kwa hiyo msomaji ambaye hajaitazama na anataka kuitazama aishie hapa.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Andrew Bagby alikuwa daktari kijana wa Kimarekani, mzaliwa wa California, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Memorial, jimbo la Newfoundland, Kanada. Huko alikuwa na uhusiano na Shirley Turner, daktari aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 10 na aliyekwisha kuzaa watoto watatu. Andrew alipokuwa Latrobe, Pennsylvania, akijifunza utaalamu wa tiba ya familia, aliuvunja uhusiano huo na kumpandisha mwenzake ndege arudi Iowa alikokuwa anafanya kazi. Mama yule akawasha gari, akaendesha karibu kilomita 1,600 kurudi. Tarehe 5 Novemba 2001 Andrew aliuawa kwa risasi katika maegesho ya hifadhi ya Keystone. Alikuwa na miaka 28. Polisi walipoanza kumkaribia Turner, alikimbilia kwao Newfoundland, na akiwa huko akatangaza kwamba ana mimba ya marehemu.

Zachary alizaliwa Julai 2002. Wazazi wa Andrew, David na Kathleen, walikuwa wamekwisha kuacha kila kitu California na kuhamia St. John's, huko Newfoundland, ili wawe karibu na mjukuu ambaye hawakuwa na hakika hata ya kuruhusiwa kumwona. Novemba 2002 jaji aliamua kwamba Turner arejeshwe Marekani akashtakiwe, naye akawekwa ndani. Mtoto akaenda kwa babu na bibi. Januari 2003 jaji wa Mahakama ya Rufaa alimwachia kwa dhamana asubiri rufaa yake, na mtoto akarudi kwake. Tarehe 18 Agosti 2003 Turner aliingia naye katika Bahari ya Atlantiki, wote wawili wakafa. Zachary alikuwa na miezi 13.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeuliza kwa nini wale wazee hawakumnyakua.

Nianze na jiografia, maana filamu haiitilii mkazo. Newfoundland ni kisiwa. St. John's iko ncha yake ya mashariki kabisa. Kutoka hapo kwa gari, muda mwingi wa mwaka, unavuka kisiwa chote, kama kilomita 900, ndipo unafika Port aux Basques unakopanda kivuko kwenda bara, na baada ya hapo bado una mwendo mrefu kufika mpaka wa Marekani. Njia nyingine ni ndege. Fikiria wazee wawili wenye lafudhi ya kigeni, wamebeba mtoto mchanga asiye na hati mikononi mwao, mama yake ameshapiga simu polisi. Wasingefika kivukoni.

Na tuseme wangefika. Kanada na Marekani zote zimeridhia Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto kuvuka mipaka. Mkataba ule haumuulizi aliyemchukua mtoto kama ana nia njema. Unauliza mtoto alikuwa anaishi wapi na nani alikuwa na haki ya kumlea, kisha, isipokuwa kwa sababu chache sana, unaamuru arudishwe huko ili mahakama ya huko iamue. Sababu mojawapo ya kukataa kumrudisha ni hatari kubwa kwa mtoto, na najua utasema hatari ilikuwepo. Ilikuwepo. Lakini wao wangekuwa wanaieleza wakiwa washtakiwa wa utekaji, na yeye angekuwa mama anayelia akidai mwanawe, ambaye hakuna mahakama iliyokuwa imemtia hatiani kwa lolote. Mtoto angerudishwa. Babu na bibi wangezuiwa kumsogelea. Ule usiku mmoja wa ushujaa ungempa Turner kitu ambacho hakuwa nacho: ushahidi kwamba wao ndio watu wa hatari.

Kwa hiyo angalia walichokuwa nacho mkononi kisheria. Baba wa mtoto amekufa. Mama hajahukumiwa. Mama ana haki ya malezi kwa sababu tu ni mama; babu na bibi hawana haki yoyote mpaka waiombe mahakamani, na hata wakiipata, itakuwa ya kumtembelea. Na kutembelea, nje ya makaratasi, hutegemea moyo wa aliye na mtoto. Amri ya mahakama inasema Jumamosi, yeye anasema mtoto ana homa. Utakwenda kulalamika, shauri litapangwa wiki tatu mbele, na hizo wiki tatu hujamwona mtoto. Nimewaona wateja wangu wakishinda kesi na kushindwa kumwona mtoto mwaka mzima kwa namna hiyohiyo.

David na Kathleen waliliona hilo mapema. Walielewa kwamba mlango wa kumfikia Zachary ulikuwa mmoja na aliyeushika kitasa ni mtu aliyemuua Andrew. Wakaamua kubisha hodi kila siku, kwa adabu. Tabasamu uliloliona halikuwa msamaha, wala hawakuwahi kudai kwamba wamesamehe. David anamtaja yule mwanamke kwa maneno makali kuliko ambayo ningeyaandika hapa. Na amekiri hadharani kwamba aliwahi kufikiria kumuua kwa mikono yake. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akimpa salamu za heshima. Mama, mimi sioni woga hapo. Hata kumwita jasiri naona hakutoshi, maana ujasiri wa kawaida una mwisho wake, unapigana ukashinda au ukafa. Huu wa kwao ulikuwa wa kula chakula, kuuliza habari za mtoto, kusema asante, kurudi nyumbani na kutapika hasira chooni, na kesho yake kuanza tena.

Kuhusu Uzungu: Kathleen ni mzaliwa wa Uingereza, David ni Mmarekani, na hakuna mila ya kwao inayowafundisha kukaa na muuaji wa mtoto wao. Walijifunza palepale. Bibi yeyote wa Pangani au Lushoto aliyewahi kuvumilia mkwe asiyevumilika kwa ajili ya mjukuu anaijua robo ya jambo hili.

Ila nikwambie ninachokijutia kwa niaba yao, na hapa nasema kama wakili. Uungwana wao ulifanya kazi vizuri mno. Kila afisa aliyewaona pamoja, mama na wazee wa marehemu wakishirikiana kulea, alipata kuamini kwamba hali si mbaya. Ndiyo maana wateja wangu wanaogombania mtoto huwaambia: kuwa na adabu mbele ya mwenzako, lakini wasiwasi wako uandike, uweke tarehe, upeleke ustawi wa jamii kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Adabu isiyo na karatasi husomwa kama ridhaa.

Sasa mahakama. Ukitazama filamu unatoka ukiamini kwamba kuna jaji mmoja aliyepotoka, basi. Mambo yalikuwa mapana zaidi.

Kumrejesha mtuhumiwa nchi nyingine ni safari ya hatua nyingi. Huko Kanada jaji huangalia kwanza kama ushahidi uliotumwa unatosha mtu kushtakiwa, hapimi hatia. Akiridhika, faili huenda kwa Waziri wa Sheria, ambaye ndiye anayeamua kumkabidhi. Kila hatua ina rufaa yake. Isitoshe, Pennsylvania ina adhabu ya kifo, na tangu Februari 2001 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwisha kusema kwamba serikali, isipokuwa katika mazingira ya kipekee, ni lazima ipate kwanza ahadi kuwa adhabu hiyo haitatolewa. Haya yote ni ulinzi mzuri kwa mtuhumiwa, na siku ukituhumiwa wewe utaushukuru. Lakini yanakula miezi, na katika miezi hiyo swali la dhamana linarudi tena na tena.

Sheria ya Kanada ilimruhusu jaji kumnyima mtu dhamana kwa sababu tatu: akiona atatoroka, akiona ni hatari kwa usalama wa umma, au akiona kumwachia kutawaondolea watu imani na mahakama. Jaji wa rufaa aliyemwachia Turner alieleza kwamba kosa analotuhumiwa, ingawa ni zito na la kikatili, halikuelekezwa kwa umma kwa jumla. Lilimlenga mtu maalumu. Kwa maneno mengine, mlengwa ameshakufa, wengine wako salama. Ukisoma sentensi hiyo mara ya kwanza hasira inakupanda. Ukiisoma mara ya pili unaona kitu kibaya zaidi: ni hoja ya kawaida kabisa, ambayo mawakili wa utetezi huitoa kila siku, nami nimewahi kutoa inayofanana nayo. Kasoro yake ni kwamba katika nyumba ya mtuhumiwa kulikuwa na mtu mwingine maalumu, ana miezi sita, damu ya yule marehemu, na mbele ya jaji hakukuwa na mtu aliyesimama kwa niaba yake. Upande mmoja alikuwepo wakili wa serikali akizungumzia kutoroka, upande wa pili mshtakiwa. Na dhamana ya awali ilikuwa imesimamiwa na daktari wa akili aliyekuwa akimtibu Turner, jambo ambalo baadaye chama chake cha kitaaluma kilimtia hatiani nalo kwa kuvunja maadili ya kazi.

Lakini kazi ya kumlinda mtoto haikuwa ya jaji wa dhamana kwanza. Ilikuwa ya idara ya ustawi wa jamii ya jimbo, na hapa ndipo filamu inapopita mbio. Baada ya msiba Dkt. Peter Markesteyn, bingwa wa uchunguzi wa vifo, alipewa kazi ya kuchunguza. Ripoti yake, yenye majuzuu matatu, ilitolewa Oktoba 2006 na hitimisho lake halikuzunguka: kifo cha Zachary kingeweza kuzuiwa, na mtoto hakupaswa kuwa mikononi mwa mama yake. Alichokikuta ni maafisa waliojishughulisha zaidi na mahitaji ya mama kuliko usalama wa mtoto, wakijitetea kwamba mama yule hajahukumiwa, kwa hiyo hana hatia.

Kwa mwanasheria, hilo ndilo kosa lenyewe. Dhana ya kutokuwa na hatia ni mali ya mahakama ya jinai. Ipo ili dola isimfunge mtu bila kuthibitisha pasipo shaka. Haikutungwa kwa ajili ya kuamua mtoto alale wapi usiku. Ukiona nyoka anaingia chumba cha mtoto, unamtoa mtoto. Hungoji mtaalamu aje aseme kama ana sumu. Afisa wa ustawi angeweza kusema, bila kumhukumu Turner hata kidogo: huyu anatuhumiwa kumuua baba wa mtoto, jaji ameona ushahidi unatosha kumpeleka kushtakiwa, na ndugu wa baba wapo mtaa wa pili wana kitanda cha mtoto tayari. Mtoto akae kwao mpaka kesi iishe. Mahakama za watoto hupima uwezekano wa hatari, na hapo uwezekano ulikuwa mezani.

Wale wazee hawakukaa kimya baada ya hapo. David aliandika kitabu. Kurt Kuenne, rafiki wa Andrew tangu utotoni, ambaye alikuwa ameanza kurekodi ili Zachary aje amjue baba yake, aliikamilisha filamu ikaoneshwa mara ya kwanza Januari 2008. Mbunge wa Newfoundland, Scott Andrews, akapeleka bungeni muswada, na Desemba 2010 ukawa sheria. Mabadiliko yenyewe ni mafupi: pale sheria ya dhamana inaposema usalama wa umma, sasa inataja waziwazi pia usalama wa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Maneno machache tu. Ila sasa wakili wa serikali anayesahau mtoto wa nyumbani anakumbushwa na kifungu.

Umeuliza na hapa kwetu. Tanzania Bara, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hapati dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitengua kifungu hicho kwa kukiona kinapingana na Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo Turner angekaa mahabusu. Usifurahi haraka, mama. Kifungu hichohicho kinawaweka ndani kwa miaka watu ambao mwishowe huachiwa bila kosa, wakiwemo wanawake wenye watoto nyumbani. Wakenya wamechagua njia nyingine: Ibara ya 49 ya Katiba yao inampa kila mtuhumiwa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima, hata kwa mauaji, kwa hiyo huko swali lako lingejadiliwa kesi kwa kesi. Naona njia yao ni bora, mradi mtu wa kumsemea mtoto awepo chumbani.

Na kuna jambo ambalo huenda hukuliwaza. Mtoto anayenyonya huruhusiwa kwetu kuingia na mama yake mahabusu. Zachary angeweza kwenda naye huko, na babu na bibi wangebaki wakipanga foleni siku za kutembelea. Wangekuwa na nini mkononi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, na inampa ndugu anayemlea mtoto nafasi ya kuomba mahakamani amri ya kukaa naye au ya kumwona. Shida ni lile neno anayemlea. Bibi ambaye hajawahi kukaa na mjukuu kwa sababu amezuiwa anaanza akiwa nyuma. Hapo ndipo afisa ustawi wa jamii wa wilaya anapokuwa mtu muhimu kuliko wakili, maana taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii ndiyo hakimu atakayoisoma. Nenda kwake kwanza.

Filamu yenyewe nina neno moja nayo. Inamkejeli Turner, inamkata maneno, inamrudiarudia picha zake vibaya. Kama kazi ya habari ingekuwa kasoro kubwa. Ila haikuanza kama kazi ya habari. Ilikuwa barua ya rafiki, na rafiki hana wajibu wa kusikiliza pande zote mbili. Kujua hivyo kunakusaidia usiitumie kama ushahidi wa sheria ya Kanada.

Mdogo wako. Mwambie wanao wasubiri. Filamu ile imekusudiwa kukupiga bila kukuonya, kelele na picha zinakuja kwa kasi, na habari ya mtoto inaangushwa pale ulipokuwa umeanza kutumaini. Mtu aliyepokea simu ya kuambiwa mwanawe ameuawa hahitaji kuipokea mara ya pili sebuleni kwako. Akiomba mwenyewe kuitazama, aambiwe mwisho wake mapema, aitazame mchana, na rimoti iwe mkononi mwake. Kitu kimoja kinaweza kumfaa: kumsikia baba aliyefiwa akisema wazi kwamba anamchukia aliyemuua mwanawe. Kwetu mfiwa huambiwa nyamaza, mshukuru Mungu, tangu siku ya kwanza ya tanga, na hasira hukosa pa kukaa.

Kuliko kumwonesha filamu, ningewashauri wanao waige alichofanya Kuenne kabla mambo hayajaharibika zaidi. Alizunguka kwa ndugu na marafiki, Marekani na Uingereza, akamwomba kila mmoja asimulie habari za Andrew. Simu inatosha. Waende kwa rafiki zake marehemu, kwa mwalimu wake, kwa fundi aliyekuwa akifanya naye kazi, warekodi dakika 10 kila mmoja, waandike msemaji ni nani na walijuana lini, na nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja. Kama kesi ya kijana bado iko mahakamani, wasemaji wasiguse siku ya tukio, na rekodi zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Yeyote kati yao anaweza kuitwa kutoa ushahidi, na wakili wa upande wa pili atafurahi sana kumsomea maneno yake mwenyewe.